Gavana aliyetoka chumba cha utafiti: kisa cha fedha za simu Tanzania, 2008–2016

Kuhusu kisa hiki

Uchambuzi huu unahusu uamuzi mmoja, wa kuziacha fedha za simu zianze kabla ya sheria yake kutungwa, na miaka minane iliyoufuata. Aliyeubeba uamuzi huo alikuwa mchumi wa maendeleo aliyekabidhiwa Benki Kuu ya Tanzania akiwa hajawahi kuendesha benki. Nimemtaja gavana kwa jina kwa sababu kazi yake imo katika kumbukumbu za umma, na huduma za kampuni za simu nimeziita kwa majina ambayo hata mtoto anayetumwa dukani anayajua. Maofisa wa kawaida, mawakala na wateja hawatajwi, wala mitaa yao.

Ninachotaka kuonyesha ni jambo dogo. Mtafiti ana tabia ya kusubiri ushahidi kabla ya kutamka. Tabia hiyo akihamia nayo ofisi ya gavana, kuna mahali itambeba na kuna mahali itamwangusha, na katika kisa hiki mahali pote pawili panaonekana.

Usuli

Profesa Benno Ndulu alizaliwa mwaka 1950. Shahada ya uzamivu aliipata Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kisha akarudi kufundisha Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Zilikuwa nyakati ngumu. Waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka foleni za sukari na sabuni, na viwanda vilivyosimama kwa kukosa vipuri kwa kuwa nchi haikuwa na fedha za kigeni. Mwaka 1983 serikali iliendesha msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Watu walikamatwa, bidhaa zikatoweka madukani, na zilizobaki zikaendelea kuuzwa gizani kwa bei ya juu zaidi.

Utafiti wa Ndulu wa miaka ile ulihusu jambo hilohilo: namna uhaba wa bidhaa za kutoka nje unavyokaba viwanda na ukuaji. Katikati ya miaka ya 1980 wachumi wa Mlimani walikuwa katikati ya mjadala wa mageuzi, na mwaka 1986 serikali ikafikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Kutoka hapo Ndulu alikwenda Nairobi, kwenye taasisi ya utafiti wa uchumi Afrika, AERC, iliyoanzishwa mwaka 1988. Aliiongoza katika miaka ya 1990, kisha akahamia Benki ya Dunia. Alikuwa pia mmoja wa wahariri wa utafiti mkubwa wa juzuu mbili kuhusu ukuaji wa uchumi wa Afrika kuanzia 1960 hadi 2000.

Mwaka 2007 aliteuliwa naibu gavana. Januari 2008, Rais Kikwete alipotengua uteuzi wa gavana aliyekuwepo, Ndulu akapandishwa. Sababu ya utenguzi huo nchi nzima iliijua kwa herufi tatu: EPA. Ukaguzi ulikuwa umebaini kwamba zaidi ya shilingi bilioni 133 zililipwa isivyo halali kwa kampuni 22 kutoka kwenye EPA, akaunti ya madeni ya nje iliyokuwa chini ya Benki Kuu.

Hapo inafaa kusimama kidogo. Anayeingia kwenye ofisi yenye kashfa ya aina hiyo hushawishika kufunga kila mlango. Kila barua iombewe idhini tatu, kila jambo jipya lipewe jibu la hapana hadi sheria itungwe. Hakuna ambaye angemlaumu. Miezi mitatu tu baada ya kukalia kiti, jambo jipya lenyewe likabisha hodi.

Yaliyotokea, kwa mfululizo

Machi 2007 Safaricom ilikuwa imezindua M-Pesa nchini Kenya. Aprili 2008 Vodacom ikaileta Tanzania. Mwaka huohuo Zantel nayo ikaanzisha huduma yake, Zain (baadaye Airtel) ikafuata mwaka 2009, na Tigo Pesa ikaingia 2010.

Hadi wakati huo Mtanzania wa kawaida alikuwa anatuma hela kwa bahasha. Unakwenda stendi, unamkabidhi konda, unampigia ndugu yako simu akalisubiri basi. Wengine walinunua vocha, wakazikwangua na kutuma namba zake kwa ndugu, ambaye aliziuza huko alipo ili apate hela taslimu. Akiba ilikaa kwenye kibubu, chini ya godoro au kwenye upatu. Mwaka 2009 utafiti wa FinScope uliwakuta watu wazima wanaotumia huduma rasmi za fedha wakiwa asilimia 16 tu, na zaidi ya nusu hawakuwa na huduma yoyote, rasmi wala isiyo rasmi.

Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006 ilikuwa imeipa Benki mamlaka juu ya mifumo ya malipo, lakini kwa maneno mapana. Kanuni za kampuni ya simu inayoshika hela za watu hazikuwepo. Benki Kuu ikatumia chombo cha kiofisi kisicho na mbwembwe: barua ya kutokuwa na pingamizi.

Mwanzo ulikuwa wa kusuasua. Baada ya mwaka na ushei, watumiaji wa M-Pesa ya Tanzania walikuwa bado hawajafika laki tatu, wakati ile ya Kenya katika umri uleule ilishapita milioni mbili. Nchi ni kubwa, mawakala walitawanyika, na hakukuwa na Nairobi moja ambayo kila familia ina mtu wake anayetuma hela nyumbani. Kuanzia 2010, ushindani ulipokolea, mambo yakageuka. Vibanda vikapakwa rangi za kila mtandao, na neno "wakala" likapata maana mpya kabisa.

Mwaka 2011 Benki Kuu ilitangaza hadharani, chini ya Azimio la Maya (ahadi za pamoja za wasimamizi wa fedha wa nchi mbalimbali kuhusu huduma jumuishi), lengo la kufikisha huduma za fedha kwa asilimia 50 ya watu wazima ifikapo 2015. Mwishoni mwa 2013 mpango wa kitaifa wa huduma jumuishi za fedha wa 2014 hadi 2016 ukazinduliwa. Mwaka 2014 Airtel, Tigo na Zantel zikakubaliana wateja wao watumiane hela moja kwa moja. Mwaka 2015 Bunge likapitisha Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa, na kanuni za fedha za kielektroniki zikatoka mwaka huohuo. Februari 2016 Vodacom, kubwa kuliko zote, ikajiunga na wenzake.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ndio wenye akili zaidi, na ndio unaosimuliwa kidogo. Barua ya kutokuwa na pingamizi haikuandikwa kwa kampuni ya simu. Ilikwenda kwa benki ya biashara iliyoshirikiana nayo. Benki Kuu haikuwa na meno juu ya kampuni ya simu, ambayo kwa laini na minara yake ilikuwa chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Lakini juu ya benki ilikuwa na meno yote. Kwa hiyo kila shilingi iliyoonekana kwenye simu ya mteja ilitakiwa kuwa na shilingi yake halisi kwenye akaunti ya udhamini ndani ya benki, mbali na fedha za kampuni yenyewe. Kampuni ikifilisika, wadai wake wasiweze kugusa hela za mama lishe. Mkia wa ng'ombe ulikuwa mkononi mwa Benki Kuu hata kama kichwa kilikuwa kwa mwingine.

Sababu yake inasomeka vizuri ukiuweka mwaka 1983 kando yake. Mchumi aliyeona msako wa walanguzi anajua kwamba watu wanapopata njia yao wenyewe ya kukidhi shida, njia hiyo inakuambia kitu kuhusu shida. Vocha zilizotumwa kama hela zilikuwa ushahidi tosha kwamba soko lipo. Huu ni usomaji wangu wa kazi zake. Sidai kuingia kichwani mwake.

Mfano wa jirani pia ulikuwepo. Desemba 2008 serikali ya Kenya, ikisukumwa na malalamiko ya mabenki, iliagiza M-Pesa ikaguliwe, na Januari 2009 ikatangaza kuwa mfumo uko salama. Gavana wa Kenya wakati huo, Profesa Njuguna Ndung'u, naye alikuwa ametokea AERC. Watafiti wawili waliopita kwenye taasisi ileile walijikuta wakiongoza benki kuu mbili zinazopakana, mbele ya kitu ambacho hakikuwa kwenye kitabu chochote, na wote wawili wakaamua kukiacha kitembee huku wakikiangalia. Sioni kama hiyo ni bahati tu. Wanasheria wawili pengine wangeanza na muswada.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutochagua nani aongoze, benki au simu. Nchi nyingine zilizosema lazima benki iwe mbele zilichelewa sana, hili halina mjadala mrefu.

Uamuzi wa tatu ndio uliogawa watu: kutolazimisha mitandao iungane. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Ukimtumia mtu wa mtandao mwingine, hela haikuingia kwenye simu yake. Alipata ujumbe wenye namba ya siri, akautafutia wakala wa mtandao wako, akatoe zote palepale. Ndiyo maana mtu mmoja alitembea na laini tatu, na ndiyo maana wakala mmoja alihitaji floti tatu (hela ya kuhudumia wateja), kila moja ikimwishia kwa wakati wake. Shinikizo la kutoa amri lilikuwepo. Benki Kuu ilizihimiza kampuni zikae mezani ziandike kanuni zao, huku taasisi ya Benki ya Dunia inayoshughulika na sekta binafsi ikisaidia kusimamia mazungumzo, lakini amri haikutoka.

Hoja ya kutolazimisha ilikuwa hivi. Ukizilazimisha kampuni mapema, ile iliyotumia fedha nyingi kuajiri mawakala vijijini itaona jasho lake linagawiwa bure kwa aliyekaa mjini, nayo itaacha kwenda vijijini. Wakishakua na kukaribiana nguvu, kila mmoja ataona faida ya kuungana. Hoja hiyo inahitaji sharti moja, kwamba pasiwepo mbabe mmoja aliyemeza soko lote, na Tanzania ilikuwa na bahati hiyo. Kenya, ambako Safaricom ilishika karibu kila kitu, wateja walisubiri hadi 2018 kutumiana hela moja kwa moja kati ya mtandao na mtandao.

Matokeo

FinScope ya 2013 ilikuta watu wazima wanaotumia huduma rasmi wamefika karibu asilimia 58, kutoka 16 ya miaka minne iliyotangulia. Lengo la 2015 lilikuwa limevukwa kabla ya wakati. Waliokuwa na akaunti benki walikuwa takriban asilimia 14 tu, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na simu na kile kibanda cha pembeni ya barabara. Mwaka 2017 kiwango kilipanda hadi asilimia 65.

Mwaka 2014 Tigo ilianza kuwagawia wateja wake faida iliyotokana na akaunti ya udhamini, jambo lililosaidia watu kuelewa kwamba hela yao ipo mahali kweli. Mwaka huohuo M-Pawa ilileta akiba na mikopo midogo kwenye simu. Mikopo ya simu ni kisa kingine, na si cha kufurahisha sana, kwa hiyo nakipita.

Uchambuzi: kilichofaa

Kusubiri ushahidi kulifaa hapa kwa sababu tatu zilizokutana. Makosa yalikuwa madogo, kwa kuwa kila muamala ulikuwa na kikomo. Ushahidi ulikuja haraka: takwimu za miamala na salio la akaunti za udhamini ziliweza kudaiwa kutoka kwenye benki. Na kurudi nyuma kuliwezekana, kwani barua inaweza kufutwa kwa barua nyingine, wakati sheria huhitaji Bunge.

Wanafunzi wangu hupenda kusema Benki Kuu "iliacha soko lijiendeshe". Sikubaliani. Soko lililoachwa lijiendeshe halina akaunti ya udhamini. Benki Kuu ilishika sehemu moja kwa mkono wa chuma, yaani usalama wa hela ya mteja, ikalegeza zilizobaki. Kujua sehemu ya kushika ndiyo kazi yenyewe.

Jambo jingine ni lengo lililotangazwa. Mtafiti anajua kisichopimwa hakina mjadala. Benki Kuu ikishasema asilimia 50 ifikapo 2015, kila afisa aliyekalia faili alijua swali litakaloulizwa.

Uchambuzi: kilichokwama

Sasa upande wa pili, ambao katika semina nyingi hupewa dakika tano za mwisho.

Tazama tena takwimu za FinScope, safari hii uangalie waliobaki nje kabisa. Mwaka 2013 walikuwa karibu asilimia 27. Mwaka 2017 walikuwa asilimia 28. Huduma rasmi zimepanda kutoka 58 hadi 65, na walio nje hawajasogea. Ongezeko lilitoka wapi, basi? Lilitoka kwa waliokuwa wanategemea huduma zisizo rasmi peke yake, ambao walishuka kutoka kama asilimia 16 hadi 7. Kwa maneno mengine, wimbi la pili lilimchukua aliyekuwa kwenye upatu likamweka kwenye simu. Yule asiye na simu, au asiye na kitu cha kutuma, wimbi lilimpita. Wastani unaopanda unaweza kuficha hili kwa miaka, na ni ajabu kidogo kwamba mchumi wa maendeleo, mtu ambaye fani yake yote ni kumtafuta aliyeachwa nyuma, hakulipigia kelele zaidi.

La pili ni sheria. Kutoka 2008 hadi 2015 ni miaka saba, na wakati barua ya kutokuwa na pingamizi inaandikwa hakuna aliyetarajia kwamba mamilioni ya watu wangekuwa wanaitegemea. Katika miaka hiyo, mteja aliyekosea namba moja na hela ikaenda kwa mgeni alitegemea huruma ya mgeni na wepesi wa mhudumu wa simu. Hakuwa na kifungu cha kunyooshea kidole. Halafu wakaja matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Kila Mtanzania amewahi kupokea ujumbe huo, na hadi leo anaupokea. Benki Kuu ililinda hela ikiwa kwenye akaunti ya udhamini. Safari ya hela kutoka kwa mteja hadi kwa tapeli ilikuwa ya TCRA, au ya polisi, au ya kampuni, inategemea umemuuliza nani. Kupima kwanza na kutunga baadaye ni utaratibu mzuri endapo ile "baadaye" ina tarehe. Hii haikuwa nayo.

La tatu linatoka nje ya fedha za simu, lakini bila hilo uchambuzi utakuwa wa kusifu tu. Mwishoni mwa 2010 mfumuko wa bei ulikuwa asilimia tano na kitu. Desemba 2011 ulifika asilimia 19.8. Ukame ulipandisha bei ya vyakula, mafuta yalipanda duniani, umeme wa mgawo ukawafanya watu wanunue dizeli, na shilingi ikaanguka vibaya. Benki Kuu ilikaza masharti hasa kuelekea mwisho wa mwaka: riba yake ikapanda, kikomo cha mabenki kujilimbikizia fedha za kigeni kikateremshwa kutoka asilimia 20 hadi 7.5 ya mtaji, na akiba ya lazima juu ya amana za serikali ikaongezwa. Shilingi ilitulia, na katika mwaka 2013 mfumuko ukarudi kwenye tarakimu moja.

Kuna hoja ya haki kwamba benki kuu haiwezi kunyesha mvua, na kwamba kupandisha riba wakati chakula ndicho kimepanda ni kumwongezea mgonjwa dawa isiyo yake. Mchumi wa maendeleo huiona hoja hiyo haraka kuliko mwingine, na ndiyo hatari yenyewe. Wakati ushahidi unachambuliwa kama ongezeko ni la chakula au la fedha, wafanyabiashara walishaanza kupanga bei wakitarajia shilingi ya kesho iwe dhaifu zaidi. Katika fedha za simu kila mwezi wa kusubiri ulileta taarifa zaidi na hasara ndogo. Katika bei, kila mwezi wa kusubiri uliongeza hasara yenyewe. Gavana ni yuleyule, tabia ni ileile. Kilichotofautiana ni gharama ya kuchelewa, na hiyo haifundishwi kwenye chumba cha utafiti kwa sababu makala ikichelewa mwaka mzima hakuna anayelala njaa.

Baada ya hapo

Ndulu aliondoka Benki Kuu Januari 2018 baada ya miaka kumi, na nafasi yake ikachukuliwa na Profesa Florens Luoga, mwanasheria. Ndulu akaenda Oxford, kwenye tume iliyochunguza namna teknolojia ya kidijitali inavyoweza kuzifaa nchi maskini, akawa tena kwenye chumba cha utafiti. Nyuma yake Benki Kuu ikajenga mfumo wa taifa wa malipo ya papo hapo, TIPS, unaounganisha mitandao na mabenki kwa njia moja badala ya makubaliano ya kampuni mbilimbili.

Alifariki Februari 22, 2021. Julai mwaka huo serikali ilianza kutoza tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, juu ya ada za kampuni. Malalamiko yalijaa kila mahali, na waliokuwa wameshazoea kuandika "tuma na ya kutolea" wakaanza kuulizana kama konda wa basi la jioni bado ni yule yule. Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30.